Keanu Reeves: Mwigizaji Hodari au Mchezaji Chapwa?

NDUGU msomaji, ikiwa nyumbani kwako mna televisheni na watu wasiopungua watatu, hapana shaka umewahi kushuhudia ugomvi wa namna hii. Sinema imekwisha, majina ya walioitengeneza yanapanda kiooni, na mmoja wenu anashusha pumzi na kusema, "Huyu bwana anaijua kazi yake." Kabla hajafunga mdomo, mwingine anamdaka: "Kazi gani? Mtu chapwa kama uji wa mgonjwa!"

Kwangu ugomvi huo ulizuka Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumetazama sinema ya mwaka 1994 iitwayo Speed, ile ya basi lililotegwa bomu. Stelingi wake ni Keanu Reeves, mchezaji ambaye kwa miaka zaidi ya 30 watu wa nchi nyingi wamelipa viingilio kwenda kumtazama, na kwa miaka hiyo hiyo wahakiki wamebishana kama anajua kuigiza au hajui.

Mke wangu, ambaye katika usichana wake alikuwa nguzo ya kikundi cha maigizo cha shule yao, ndiye aliyetoa hukumu ya kwanza. "Uso ule ule akifurahi, uso ule ule akifiwa," alisema. "Huo ni uigizaji au ni picha ya pasipoti?" Nduguye, yaani shemeji yangu, ambaye huendesha basi la abiria hapa Dar es Salaam, alikataa katakata. Binti yetu mkubwa akaunga mkono upande wa mama yake. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa ameketi sakafuni karibu na mlango, hakusema neno. Nakuomba umkumbuke kijana huyo, kwa maana tutarudi kwake.

Mimi niliombwa kuwa mwamuzi. Nami kwa kuwa sikutaka kulala njaa, niliomba muda wa kufikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri.

MTOTO ALIYEITWA UKUTA

Keanu Charles Reeves alizaliwa Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, tarehe 2 Septemba 1964. Mama yake ni Mwingereza. Baba yake alikuwa mtu wa Hawaii, na ndiko lilikotoka jina lake, ambalo inasemekana lina maana ya upepo wa baridi uvumao kutoka milimani. Wazazi walitengana angali mdogo, akahamahama na mama yake hadi wakatua Toronto, nchini Kanada, ambako ndiko alikokulia.

Shuleni hakung'ara. Alikuwa na ile hitilafu ya kusoma iitwayo disleksia, ambayo humfanya mtoto mwenye akili timamu aonekane mzito mbele ya kitabu. Alichong'ara nacho kilikuwa mpira wa magongo wa kwenye barafu. Alikuwa mlinda lango, na wenzake walimpa jina la utani: Ukuta. Tazama, msomaji, jinsi dunia ilivyo na vituko. Langoni, kuitwa Ukuta kulikuwa sifa kubwa. Miaka michache baadaye wahakiki wa sinema walimwita jina la jamii hiyo hiyo, nao walikusudia kumtukana.

Aliacha shule bila ya kuhitimu, akacheza michezo ya jukwaani na ya televisheni huko Kanada, kisha akaenda Hollywood. Mwaka 1989 ilitoka sinema ya kuchekesha iitwayo Bill & Ted's Excellent Adventure, ambamo yeye na Alex Winter waliigiza vijana wawili wenye mioyo mizuri na vichwa vitupu. Vijana wa Marekani waliipenda mno. Walakini mapenzi hayo yalimletea Reeves msiba: aliigiza ujinga vizuri kiasi kwamba watu wengi waliamini hakuwa akiigiza.

HOJA ZA MASHTAKA

Madhali nimeombwa niwe mwamuzi, sina budi kusikiliza upande wa mashtaka kwanza, tena kwa haki. Upande huo una ushahidi, nao si haba.

Shahidi wa kwanza ni sinema ya Dracula iliyoongozwa na Francis Ford Coppola mwaka 1992. Humo Reeves ni wakili kijana wa Kiingereza wa karne ya 19, naye amewekwa katikati ya wachezaji wazito kama Gary Oldman na Anthony Hopkins. Alilazimika kusema Kiingereza cha watu wa London, na lafudhi ikamshinda. Kila neno linatoka mdomoni mwake kama mtu abebaye trei ya mayai juu ya matope. Wahakiki walimcheka, na mpaka leo wapo wanaoihesabu lafudhi ile miongoni mwa zilizo mbaya kabisa katika sinema kubwa. Coppola mwenyewe alimtetea baadaye kwa kueleza kwamba kosa la Reeves lilikuwa kujitahidi kupita kiasi, kwa vile alitaka lafudhi ile iwe kamili. Liweke neno hilo akilini, msomaji: kujitahidi kupita kiasi. Si dosari ya mtu mvivu.

Shahidi wa pili ni Much Ado About Nothing ya mwaka 1993, iliyotokana na mchezo wa Shakespeare na kuongozwa na Kenneth Branagh. Reeves ni Don John, mtu mwenye kinyongo. Alikunja uso tangu mwanzo hadi mwisho, akasema maneno ya Shakespeare kana kwamba anayasoma kwenye hati ya mahakama. Wale watoao zile tuzo za dhihaka ziitwazo Golden Raspberry walimteua kuwania nafasi ya mchezaji msaidizi mbaya kuliko wote wa mwaka huo.

Shahidi wa tatu ni The Devil's Advocate ya mwaka 1997. Hapo Reeves ni wakili kijana, na Al Pacino ni bosi wake ambaye kumbe ndiye Ibilisi. Pacino anacheka, anafoka, anacheza, anapasua hewa kwa mikono. Kando yake Reeves huonekana kama sahani ya wali mtupu iliyowekwa jirani na sinia la pilau.

Hoja ya mashtaka kwa jumla ni hii: mwigizaji ni mtu awezaye kugeuka. Leo ni mfalme, kesho ombaomba, keshokutwa mlevi. Wapo wanaoweza, kama Daniel Day-Lewis, ambaye ukimwona katika sinema mbili waweza kuapa kwamba ni watu wawili. Reeves hageuki. Sauti yake ni ile ile, na mwendo wake ni ule ule. Kwa hiyo, husema mashtaka, kinachompa ulaji ni sura nzuri na bahati nzuri.

Mke wangu alipofika hapo aliketi vizuri na kumtazama nduguye, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

USO NA BAKULI LA SUPU

Kabla ya kumpa ushindi, na tuulize jambo moja: je, sinema ni kitu kimoja na mchezo wa jukwaani?

Mke wangu alijifunza kuigiza katika uwanja wa shule, chini ya mwembe, bila ya kipaza sauti. Mtu aliyesimama safu ya nyuma kabisa, akiwa na mtoto mgongoni na kuku mkononi, alipaswa kusikia na kuona kila kitu. Ukilia, lia mpaka ng'ambo ya barabara wajue kwamba pana msiba. Wengine wetu tulilelewa na michezo ya redio, ambako sauti ndiyo iliyokuwa uso, mikono na machozi. Hii ni mila yetu ya maigizo, nayo ni mila nzuri. Lakini imetuzoesha kupima ufundi kwa wingi wa ishara.

Kamera ina sheria nyingine. Inasogea karibu na uso wa mtu kuliko anavyoweza kusogea mkewe, kisha inautanua uso huo uwe mkubwa kama ukuta wa nyumba. Kwenye ukuta huo, kuinua unyusi mmoja ni kama kufungua mlango. Mtu akiigiza hapo kwa nguvu za jukwaani, huonekana kama kichaa.

Tena kuna jambo lenye ajabu zaidi. Karibu na mwaka 1920, huko Urusi, mwongozaji na mwalimu wa sinema aitwaye Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa katika vyuo. Kama masimulizi yalivyotufikia, alichukua picha ya uso wa mchezaji mashuhuri, Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia usioonyesha chochote. Akaiunganisha na picha ya bakuli la supu. Kisha akauunganisha uso ule ule na picha ya mtoto aliyelazwa katika jeneza. Kisha na picha ya mwanamke aliyejilaza kwenye kochi. Watazamaji walimsifu mchezaji: jinsi alivyoonyesha njaa mbele ya supu, huzuni mbele ya jeneza, na matamanio mbele ya mwanamke. Kumbe uso ulikuwa mmoja, haukubadilika hata kidogo. Njaa, huzuni na matamanio vilitoka kwa watazamaji wenyewe.

Somo lake ni kwamba katika sinema, uso uliotulia si lazima uwe mtupu. Waweza kuwa chombo ambacho mtazamaji hutilia hisia zake mwenyewe. Gary Cooper wa Marekani aliijua siri hiyo. Waliofanya kazi naye walieleza kwamba ukimtazama akiigiza mbele ya kamera, hukuona kwamba anafanya lolote. Ukienda kuitazama filamu yenyewe, ulikuta kila kitu kimo. Alipata tuzo ya Oscar mara mbili, kwa Sergeant York ya mwaka 1941 na High Noon ya mwaka 1952. Clint Eastwood naye, wale wazee waliopanga foleni kutazama sinema zake za ng'ombe na bastola wanamkumbuka. Mwongozaji wake, Mtaliano Sergio Leone, alitania kwamba Eastwood alikuwa na nyuso mbili tu, moja akiwa na kofia na nyingine akiwa hana. Lakini Leone huyo huyo alimtumia katika sinema tatu, kuanzia A Fistful of Dollars ya mwaka 1964, na zote tatu zilitia fora.

Walakini na tusidanganyike. Si kila aliyetulia ni Gary Cooper. Gogo nalo limetulia. Tofauti iko wapi? Hapo ndipo shemeji yangu alipoomba kutoa ushahidi.

USHAHIDI WA DEREVA

Huenda hujaiona Speed, basi nitaisimulia kwa ufupi. Mhalifu, ambaye ameigizwa na Dennis Hopper, ametega bomu katika basi la abiria mjini Los Angeles. Basi likishafikia mwendo wa maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, halina ruhusa ya kupungua tena chini ya hapo, likipungua, linalipuka. Reeves ni askari polisi anayefanikiwa kuingia ndani ya basi likiwa mbioni. Dereva anapojeruhiwa, usukani unashikwa na abiria mmoja mwanamke, ambaye ni Sandra Bullock. Sehemu kubwa ya sinema hiyo ni Reeves akisimama kando ya mwanamke huyo, akimwelekeza, huku abiria wakilia na kugombana nyuma yake.

"Mnasema hana hisia," alisema shemeji. "Mimi nitawaambia hisia za usukani. Mwaka mmoja breki zilinikatikia nikiwa kwenye mteremko, na gari limejaa mpaka mlangoni. Mnajua nani alipiga kelele? Kondakta. Mimi nilisema maneno mawili tu: 'Shikeni viti.' Nikashusha gia moja moja, nikalitafuta tuta la mchanga, nikaliegemeza gari hapo. Abiria waliposhuka walimshukuru kondakta kwa kuwaombea kwa Mungu kwa sauti kubwa. Mimi hakuna aliyenitazama."

Sote tulicheka, yeye hakucheka.

"Yule bwana," aliendelea, "anamwambia yule mama geuza, shikilia, usipunguze mwendo. Anasema kwa sauti ya chini. Kama angekuwa anatoa macho na kutetemeka kama mnavyotaka, yule mama angeuachia usukani, na mimi nisingeamini hata dakika moja kwamba ni mtu wa kazi ile. Mtu wa hatari huwa mtulivu kwa sababu anahesabu."

Nilikumbuka jambo katika sinema ile ambalo lilinifanya nimpe alama. Ipo sehemu askari huyo anapopata habari kwamba rafiki yake wa kazini ameuawa. Hapo utulivu wote unavunjika. Anafoka na kuvamia vitu vya ndani ya basi kwa hasira, mpaka yule mwanamke aliye kwenye usukani anamsihi atulie, la sivyo wote watakufa. Pigo hilo linamfikia mtazamaji kwa sababu mchezaji alikuwa amejibana kwa muda mrefu. Aliyetumia kelele zake zote mwanzoni asingekuwa na akiba ya kutumia hapo. Mke wangu, ambaye ni mtu wa haki, alikubali kwamba sehemu hiyo alikuwa ameisahau.

MWILI USEMAO

Sasa tuje kwenye sinema iliyomfanya Reeves ajulikane hata kwa watoto wadogo: The Matrix ya mwaka 1999, ya ndugu wa ukoo wa Wachowski. Kabla ya kamera kuwashwa, wachezaji wakuu walifanyishwa mazoezi ya kupigana kwa muda wa miezi kama minne, chini ya bingwa kutoka Hong Kong, Yuen Woo-ping. Reeves aliingia mazoezini akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa shingo, hata kwa muda fulani hakuweza kupiga mateke. Hakujitoa, aliendelea na yale aliyoyaweza.

Neo, mtu anayeigizwa na Reeves, ni mfanyakazi wa ofisini ambaye anaambiwa kwamba dunia yote anayoiona ni ndoto iliyotengenezwa na mitambo. Kazi ya Neo kwa nusu ya sinema ni kushangaa na kuuliza, maana sisi watazamaji nasi tunashangaa na kutaka kuuliza. Laiti angewekwa hapo mchezaji mwenye mbwembwe, tungemtazama yeye badala ya kuitazama dunia ile. Uso wa Reeves unatuachia nafasi ya kuingia. Ni Kuleshov yule yule na bakuli lake la supu, baada ya miaka 80. Sinema hiyo ilipata tuzo nne za Oscar, zote za ufundi kama uhariri na sauti. Wachezaji hawakuguswa hata kwa kuteuliwa.

Halafu mwaka 2014 ikaja John Wick. Mwongozaji wake, Chad Stahelski, ndiye aliyekuwa mtu wa kumwakilisha Reeves katika vitendo vya hatari wakati wa The Matrix, kwa hiyo alijua mwili wa mwenzake uwezavyo. Msomaji aliyezoea sinema za kupigana anajua ujanja wake: picha hukatwa haraka haraka, mkono huku, mguu kule, ili usigundue kwamba anayepigana si stelingi bali mtu mwingine mwenye nywele kama zake. Katika John Wick kamera inasimama mbali kidogo na kutulia. Unaona mtu mzima, kuanzia kichwa hadi kiatu, akipiga mweleka, akianguka, akiinuka kwa shida, akibadilisha risasi. Reeves alijifunza judo, jujitsu na matumizi ya bunduki mpaka vitendo hivyo vikawa tabia. Katika sinema ya nne ya mfululizo huo, iliyotoka mwaka 2023, waliohesabu walisema anatamka maneno kama 380 tu katika muda wa saa tatu kasoro dakika 11. Bado unajua lini amechoka, lini ana huzuni, na lini amekata tamaa. Anayajulisha hayo kwa mabega na kwa namna anavyopanda ngazi.

Hapa kwetu jambo hili lina uthibitisho ambao wahakiki wa New York hawaujui. Nenda katika vile vibanda vya kuonyeshea video ambavyo vijana huviita vibanda umiza. Sinema nyingi za kigeni huonyeshwa humo zikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, ambaye husimulia juu ya maneno ya wachezaji, akiongeza utani wake na methali zake. Lafudhi ya Reeves, ile iliyochekwa mwaka 1992, humo haisikiki kabisa. Kinachobaki ni mwili na uso. Na watu waliokaa kwenye mabenchi yale, ambao wamelipia kiingilio kutoka katika jasho lao, wanamfuata bila ya taabu. Mchezaji ambaye ukimnyang'anya sauti bado anaeleweka, si haki kumwita gogo.

MIPAKA YAKE

Je, basi, mwamuzi anaamua nini?

Naanza kwa kuwapa upande wa mashtaka haki yao. Reeves ana mipaka, tena iliyo wazi. Maneno mengi na ya mapambo humlemea. Mpe hotuba ndefu yenye mawimbi ya hisia, na utaziona mbao za jukwaa chini yake. Hadi kufikia mwaka 2025 hakuwa amewahi hata mara moja kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na sidhani kwamba hilo ni dhuluma.

Lakini zipo habari mbili ambazo wanaomwita chapwa hawazitaji. Januari 1995, muda mfupi baada ya Speed kumpandisha bei, alikwenda Winnipeg, mji wa baridi kali huko Kanada, akaigiza Hamlet jukwaani. Hamlet ndiye mtu mwenye maneno mengi kuliko wote katika michezo ya Shakespeare; ni takriban mistari 1,500. Wahakiki waligawanyika. Wengine walisema alikuwa mgumu katika kutamka. Mmoja wa Uingereza alimweka miongoni mwa akina Hamlet watatu bora aliopata kuwaona. Miaka 30 baadaye, mwaka 2025, alipanda jukwaa la Broadway, New York, pamoja na Alex Winter, mwenziwe wa siku za Bill & Ted, wakaigiza Waiting for Godot wa Samuel Beckett, mchezo wa watu wawili wanaomngoja mtu asiyekuja. Mtu aliyeridhika na sura yake nzuri haendi kujitafutia adhabu za namna hiyo akiwa na miaka 61.

Nao wahakiki wamekuwa wakibadilika. Novemba 2020 wahakiki wawili wa gazeti la New York Times, Manohla Dargis na A. O. Scott, walitoa orodha ya waigizaji 25 waliowaona kuwa bora katika karne hii ya 21. Wa kwanza alikuwa Denzel Washington, wa pili Isabelle Huppert wa Ufaransa, wa tatu Daniel Day-Lewis. Wa nne alikuwa Keanu Reeves. Wasomaji wengi walishtuka. Mimi naona nafasi hiyo ni ya juu mno, lakini nakubali kwamba jina lake linastahili kuwamo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kipaji ni vingi. Kipo kipaji cha kugeuka, na Reeves hakupewa kingi. Kipo kipaji cha kuwapo, yaani kusimama mahali mtu akaamini kwamba umesimama, kusikiliza mwenzako asemapo, na kuutawala mwili wako. Hicho anacho kwa wingi, naye amekilisha kwa mazoezi ya miaka. Alipopewa kazi isiyo yake alivurunda mbele ya dunia nzima. Alipopewa iliyo yake, hakuna aliyeifanya kama yeye. Hata wali mtupu si chakula kibaya. Ni pilau isiyopokea mchuzi.

WAPOLE WETU

Nilidhani nimemaliza. Nilisoma hukumu yangu sebuleni, shemeji akapiga makofi, mke wangu akasema atakata rufani. Ndipo kijana wetu, aliyeketi karibu na mlango, aliposema maneno yake ya kwanza tangu mchana.

"Mwalimu wa maigizo aliniambia mimi ni chapwa."

Hatukuwa tunajua. Kumbe wiki mbili kabla, katika shule anayosoma, aliomba kuingia katika mchezo wa kufunga muhula. Alijaribiwa mbele ya wenzake, akaambiwa hana hisia, akapewa kazi ya kuvuta pazia. Hakutueleza, nasi hatukumuuliza, kwa sababu yeye ni mtu wa kimya, na watu wa kimya tumezoea kutowauliza. Mama yake mwenyewe, kwa mapenzi kabisa, amezoea kumwambia mbele ya wageni, "Huyu wangu amepoa." Mimi nami nimezoea kucheka.

Niliwaza juu ya mikutano ya kazini ambamo nimekaa miaka mingi. Ni mara ngapi tumempa usimamizi msemaji, na kumpita fundi ambaye mashine ikiharibika wote humkimbilia? Ni mara ngapi nimeandika juu ya mtu "hachangamki", nikidhani nimeandika juu ya uwezo wake?

Sisemi kwamba kila mpole ana hazina iliyofichwa. Wengine wamepoa kwa sababu hawana la kusema, kama vile wengine wanavyopiga kelele kwa sababu hiyo hiyo. Nisemalo ni kwamba utulivu peke yake haujatuambia kitu bado. Inatupasa kutazama mtu huyo amepewa kazi gani, na amesimama karibu na nani. Askari wa Speed angewekwa katika taarabu angeonekana mjinga. Pacino angewekwa kando ya usukani wa basi lile, huenda wote wangelipuka.

Jioni ile mke wangu alimwita kijana uani. Alimpa kazi moja tu: asikilize habari ambayo mama yake angemsimulia, na asiseme neno lolote. Akamsimulia jinsi nyanya yake mzaa mama alivyofariki, habari ambayo alikuwa hajapata kumsimulia yote. Mimi niliwatazama kupitia dirishani. Kijana hakulia, wala hakukunja uso. Alisogeza kigoda chake karibu kidogo, basi.

Mke wangu aliporudi ndani alikaa muda, kisha akasema, "Keanu Reeves wenu bado ni chapwa. Lakini kesho nitakwenda shuleni kuonana na yule mwalimu."

Nami, ndugu msomaji, kwa kuwa mwamuzi hana haja ya kusema zaidi pale mlalamikaji anapoondoa nusu ya madai yake, nilinyamaza. Je, nyumbani kwako ni nani anayeketi karibu na mlango?